Pua ya Mtoto Mchanga na Matabibu wa Zamani

Huku Musoma, kama huko kwetu Pwani, wapo bado wasemao kuwa mtoto mchanga akigeuka rangi amepitiwa na dege. Huvishwa hirizi, hufukizwa, na saa zinapita.

Ndugu wasomaji, mtoto katika majuma yake ya mwanzo hupumua kwa pua. Kwa kinywa ni shida, ila anapolia. Basi matundu yote mawili yakiwa yamezibwa kwa nyuma tangu tumboni, mtoto akitulia au akinyonya huwa wa buluu, na akilia rangi humrudia. Mama akiliona hilo na aondoke hapo hapo kwenda hospitali. Dua isomwe njiani. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe ametuamrisha kutafuta dawa.

Wataalamu wa Kiislamu waliishughulikia pua zamani sana. Az-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif jinsi ya kukata nyama ziotazo puani. Ama kuziba huku kwa kuzaliwa nako, maelezo yake ya kwanza yajulikanayo ni ya mwaka 1755, ya Roederer, mwalimu wa ukunga huko Göttingen, Ujerumani. Ikapita karibu karne nzima, hata katika miaka ya 1850 tabibu Emmert akamtoboa mtoto wa miaka 7 kizuizi hicho. Ni watoto wangapi waliozikwa katikati ya hapo, na maradhi yao yamekwisha andikwa!

Na uchunguzi wa kwanza ni mwepesi. Mkunga huweka kioo baridi chini ya pua atazame ukungu wa pumzi, kisha hupitisha mrija mwembamba katika kila tundu. Ukikwama, mtoto huwekewa kifaa kinywani kumwachia njia ya hewa. Kutoka Bunda au Butiama mabingwa wapo Mwanza, hospitali ya Bugando iliyofunguliwa 1971. Ni jambo adimu, mtoto mmoja hivi katika 5,000 hadi 8,000, na wengi wao huziba upande mmoja tu; hao huweza kukua miaka mingi bila kujulikana, makamasi yakiwatoka tundu moja.

Viko visababishi adimu zaidi, kama uvimbe wa mfereji wa machozi. Kimoja chanitia hofu: kivimbe cha puani kilichoungana na ubongo, ambacho huenda kikatuna mtoto anapolia. Bibi akikidhania kamasi akakichokoa, amefungua njia ya kufika ubongoni. Kwa hiyo daktari naye hakigusi kwa kisu mpaka apate picha ya kichwa.