Mgao wa maji Dar: nani abanwe kwanza?

Nimepotea humu siku nyingi, si mnajua tena mambo ya esei na semina. Leo nimerudi na mada iliyotugawa darasani: je, serikali ina haki ya kuwawekea watu mipaka ya kutumia maji baridi, yaani haya ya mito na visima? Upande mmoja ulisema maji ni zawadi ya Mungu, nani akupimie? Wa pili ukasema tusipobanwa tutakauka wote.

Mimi naona pande zote mbili zinaongea kama vile mipaka ni kitu kinachokuja kesho. Jamani, Dar es Salaam ina mipaka ya maji tangu enzi za mkoloni. Swali la kweli ni lini mipaka hiyo ilimbana mwenye bomba, na lini ilimbana mwenye ndoo.

Tuanze na Waingereza. Waliugawa mji kwa rangi: Wazungu Oysterbay, Wahindi katikati ya mji na baadaye Upanga, Waafrika Kariakoo, kisha Magomeni na Temeke. Bomba nalo likafuata mgawanyo huohuo. Oysterbay maji yaliingia jikoni na bafuni, huku kwetu wengi walipanga foleni kwenye bomba la jumuiya. Hapakuwa na haja ya tangazo la kumkataza mtu wa Temeke asitumie maji mengi. Umbali na foleni vilitosha.

Kuna utafiti maarufu wa miaka ya 1960, ulioitwa Drawers of Water, uliopima matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania. Hapa Dar walipita Oysterbay, Upanga, Chang'ombe na Temeke. Ukijumlisha nchi zote tatu, wenye bomba ndani walitumia wastani wa kama lita 128 kwa mtu kwa siku. Wasio na bomba, kama lita 11 tu. Watafiti waliporudi mwaka 1997, wenye bomba walikuwa wameshuka hadi kama lita 66, manake mabomba yalichoka na miji ikafura. Wasio na bomba walipanda hadi kama 20, ila muda wa kuchota ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Huo muda ni wa nani? Wa akina mama na watoto, hilo halihitaji profesa.

Sasa tuje kwenye sheria. Mwaka 1974, zama za Mwalimu, Bunge lilipitisha sheria iliyoweka maji yote mikononi mwa Jamhuri. Ukitaka kuchepusha mto au kuvuta maji kwa wingi, uombe haki kwanza. Sheria ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake iliendelea na wazo hilo, ikiwa na vibali na bodi za mabonde. Sera ya Maji ya 2002 ilishasema wazi kwamba matumizi ya nyumbani yatangulie, na ikaweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Kwenye karatasi, basi, tuko vizuri. Wa kubanwa ni mkubwa, na mdogo analindwa.

Lakini bei nayo ni mgao, tena mkali. Agosti 2003 usambazaji wa maji Dar ulikabidhiwa City Water, kampuni ya ubia wa Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nyumbani. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, waziri wa maji akiwa Edward Lowassa. Kesi ikaenda hadi mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, ambayo mwaka 2008 ilisema Tanzania ilikiuka wajibu wake lakini haitalipa fidia. Wakati wakubwa wanabishana, mtu wa Mbagala au Tandale asiye na bomba aliendelea kununua dumu la lita 20 kwa muuza mkokoteni. Piga hesabu lita kwa lita, utakuta anamzidi mbali malipo yule mwenye bomba. Huyo kashabanwa na mfuko wake, hata kabla serikali haijasema neno.

Halafu ikaja Oktoba 2022. Mvua zimegoma, Ruvu imenywea, na mji huu kwa sehemu kubwa unaishi kwa Ruvu: mtambo wa Ruvu Juu wa mwaka 1959 na wa Ruvu Chini wa 1976. Uzalishaji wa DAWASA ulishuka kutoka zaidi ya lita milioni 460 kwa siku hadi kama milioni 300. Mgao ukatangazwa. Ndipo zikaanza pia pilika za kuondoa mashine na michepuko ya maji huko juu ya mto. Novemba hiyohiyo ukasainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, ambalo lilikuwa likizungumzwa kwa miongo.

Mgao ule kwenye ratiba ulionekana wa haki, kila mtaa na siku yake. Lakini mwenye simtanki la lita 5,000 anajaza siku ya zamu na kuoga wiki nzima. Mwenye ndoo mbili anakauka kesho yake. Saa zilezile za maji, adhabu tofauti kabisa. Na kipindupindu hakijui ratiba. Ule mlipuko wa 2015 ulianzia Kinondoni.

Wenzetu wa Cape Town, ukame ulipowabana, waliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia Februari 2018, na anayezidisha bili inampanda vibaya. Uzito mkubwa ukawaangukia wenye bustani na mabwawa ya kuogelea, maana watu wa vibandani walikuwa wakitumia kidogo tangu zamani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, serikali iweke mipaka. Mto ni mmoja, na ukimwachia kila mtu, anayewahi juu ndiye anayekunywa. Ila ianzie juu ishuke: kwanza mapampu na michepuko ya Ruvu, kisha wenye matumizi makubwa mjini, halafu sisi wenye bomba na matanki. Yule wa ndoo mbili aguswe mwisho, na kiwango chake cha chini kisishuke hata ukame uwe mkali vipi. Kumwambia abane matumizi mtu ambaye hajawahi kufikisha lita 25 ni dhihaka tu, hata ukiiita sera.

Mwenye hoja tofauti aje nayo semina ijayo. Ila aje na namba, siyo kelele. Tuko pamoja.