Vinyunyizio vya moto darini: Moshi hauvifungui, lakini henga ya nguo inaweza

Mvua za Tukuyu hazina haraka ya kuondoka. Mgeni akifua shati usiku wa Aprili, asubuhi analikuta bado bichi. Akikosa kamba ya kuanikia, macho yanapanda juu kutafuta pa kutundika. Kama jengo lina mfumo wa kuzima moto, atakiona kijichuma kinachochungulia kwenye siling bodi, kama vile kimewekwa hapo kwa ajili ya henga.

Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Kijichuma hicho ni kinyunyizio cha moto. Mafundi wengi hukiita sprinkla. Hupatikana kwenye hoteli kubwa, hospitali, maghala na majengo marefu ya ofisi. Kazi yake ni moja: kuumwagia moto maji ungali mdogo, hata kama hakuna mtu aliye macho.

Kinavyofanya kazi

Juu ya dari kuna mabomba yaliyojaa maji yenye presha muda wote. Kila kinyunyizio kina kizibo kinachozuia maji hayo, na kizibo hushikiliwa na kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika cha rangi ndani yake.

Moto ukiwaka, hewa ya moto hupanda na kukusanyika chini ya dari. Kimiminika kinapata joto, kinatanuka, kioo kinapasuka. Kizibo kinaanguka, maji yanatoka, yanagonga kisahani cha chuma na kutawanyika chumbani kama mvua.

Rangi ya kimiminika huonyesha kiwango cha joto kinachopasua kioo. Chungwa ni nyuzi 57 za Selsiasi, nyekundu 68, njano 79, kijani 93 na bluu 141. Kwenye vyumba vya kawaida nyekundu ndiyo huonekana zaidi. Jikoni, ambako joto ni kubwa, huwekwa vya kiwango cha juu zaidi.

Wazo hili ni la zamani. Henry Parmelee wa Connecticut, Marekani, alipata hataza ya kinyunyizio chake mwaka 1874, akitaka kulinda kiwanda cha piano. Baadaye Frederick Grinnell alikiboresha kikaenea viwandani.

Ya kwenye sinema siyo ya kweli

Kwenye filamu, mtu anawasha kiberiti chini ya dari na jengo zima linalowa. Sivyo ilivyo. Kila kinyunyizio kinajitegemea. Kinachofunguka ni kile kilichopata joto la kutosha, na mara nyingi kimoja au vichache tu vinatosha kuudhibiti moto. Chumba cha jirani kinabaki kikavu.

Moshi wa sigara, mvuke wa bafuni au chapati iliyoungua havifungui kinyunyizio. Hivyo vinaweza kuamsha king'ora cha moshi, ambacho ni kifaa kingine kabisa. Hata kubonyeza kitufe cha dharura ukutani, kwenye mifumo ya kawaida, hakumwagi maji.

Ipo mifumo maalumu inayomwaga maji eneo zima kwa pamoja, lakini hiyo ni ya sehemu kama maghala ya mafuta na karakana za ndege. Siyo ya vyumba vya kulala.

Kinachokifungua bila moto

Kioo kile ni chembamba. Kikivunjika kwa sababu yoyote, maji hayaulizi kama kuna moto au hakuna. Visababishi vya kawaida ni hivi:

• Kutundika vitu. Henga yenye koti bichi, mapambo ya harusi au waya wa taa huvuta kifaa au kuvunja kioo.

• Kugonga. Ngazi, kabati linalohamishwa, mpira unaochezwa ndani au mpini wa fagio.

• Jiko la mkaa. Baridi ya Juni na Julai huwafanya watu waingize jiko chumbani. Likikaa chini ya kinyunyizio, hasa kwenye dari fupi, joto linaweza kufika nyuzi 68. Ila hatari kubwa zaidi siyo maji. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

• Mafundi. Anayechomelea vyuma karibu na dari anaweza kukipasua kwa joto. Fundi rangi naye akikipaka rangi hukiharibu: kinaweza kuchelewa kufunguka au kisifunguke kabisa siku ya moto. Kilichopakwa rangi hubadilishwa, hakisuguliwi.

• Kutu na uchakavu. Kifaa kinachovuja tone moja moja kinataka fundi mapema.

Nchi zenye theluji zina tatizo jingine: maji huganda na kupasua mabomba. Baridi ya Tukuyu hutetemesha watu, lakini haigandishi maji ndani ya bomba la darini.

Mizigo nayo isirundikwe mpaka juu. Nafasi ya karibu nusu mita chini ya kinyunyizio iachwe wazi, la sivyo maji yataishia kwenye maboksi badala ya kufika kwenye moto.

Kikishafunguka

Hakifungiki kwa mkono. Kinyunyizio kimoja cha kawaida hutoa takribani lita 60 hadi 100 kwa dakika, na maji ya mwanzo huwa meusi na yenye harufu kwa kuwa yamekaa muda mrefu bombani.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha hakuna moto. Ukiwepo, watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe namba 114. Maji yaachwe yafanye kazi.

Ikithibitika kuwa ni ajali tu, msimamizi wa jengo afunge koki ya eneo hilo, umeme wa sehemu iliyolowa uzimwe, kisha fundi aweke kinyunyizio kipya cha kiwango kilekile cha joto. Kwa hiyo mlinzi wa usiku naye anapaswa kujua koki ilipo, siyo meneja peke yake.

Hasara kubwa huja baadaye

Godoro lililolowa hukauka. Kosa zito ni la mwenye jengo anayesema, "Hiki kitu kinaniharibia vyumba," akafunga koki kuu na kuiacha hivyo. Vinyunyizio vinabaki darini, wageni wanaviona na kulala kwa amani, kumbe mabomba hayana kazi. Ripoti za NFPA, shirika la kinga ya moto la Marekani, zinaonyesha kuwa mifumo hii inaposhindwa wakati wa moto, sababu inayoongoza ni kwamba ilikuwa imefungwa.

Tenki tupu nalo ni sawa na koki iliyofungwa. Rungwe ina mvua nyingi, lakini mvua haizimi moto wa ndani. Tenki la lita 1,000 huisha kwa dakika 12 hivi kinyunyizio kimoja kikitoa lita 80 kwa dakika. Na kama pampu inategemea umeme pekee, siku umeme ukikatika mfumo nao unaweza kukosa maji.

Pasipo na mfumo

Nyumba nyingi za makazi na mabweni hayana vinyunyizio. Agosti 2009, moto katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, uliua wanafunzi 12. Septemba 2020, wanafunzi 10 walikufa kwa moto katika Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera.

Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi, na vijiji kama Masoko viko mbele zaidi. Dakika za kwanza za moto ni za waliopo. Milango isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani, madirisha ya nondo yawe na sehemu ya kutokea, mtungi wa kuzimia moto uwe na gesi, na watu wawe wamefundishwa kuutumia.

Kwenye jengo lenye vinyunyizio, mwenye jengo anaweza kuanza na maswali mawili leo: koki iko wazi? Tenki lina maji? Na kwa mgeni mwenye shati bichi, kamba ya kuanikia inapatikana sokoni.