Marashi ya Mwanamume: Safari ya Neno kutoka Pwani hadi Nzilo

1. Utangulizi

Wanahistoria wa Uswahilini wameandika mengi juu ya misafara, pembe za ndovu, karafuu na shaba, lakini juu ya harufu wameandika machache. Sababu yake si ngumu kuiona. Harufu haiachi magofu wala haiwekwi katika nyaraka za serikali. Hata hivyo, pale ambapo mchanga na karatasi havikuhifadhi kitu, mara nyingi lugha imehifadhi.

Makala haya yanafuata neno moja, marashi, kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi katika ukanda wa shaba wa Lualaba, yaani Kolwezi na sehemu za Nzilo, ili kujibu swali linaloonekana dogo: mwanamume huyachaguaje manukato yake? Dai letu ni kwamba swali hilo limebadilika mara mbili katika safari hiyo. Pwani liliulizwa hivi: mtu ananukia wapi, na mbele ya nani? Katika miji ya kampuni za migodi likageuka kuwa: nani anastahili kunukia? Katika zama zetu limekuwa: anatumia chapa gani? Tutajaribu kuonyesha kwamba swali la kwanza halijafa, na kwamba msemaji wa Kiswahili analibeba ndani ya sarufi yake, atake asitake.

2. Neno na maana yake

Neno marashi limetoholewa kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kunyunyiza. Pwani tunalo pia neno mrashi, yaani chombo chenye shingo ndefu na kichwa chenye matundu, ambacho hutumiwa kuwanyunyizia wageni maji ya mawaridi. Kwa hiyo, tangu asili yake, neno hili halitaji kitu ambacho mtu hujipaka akiwa peke yake chumbani. Linataja tendo la mwenyeji kwa mgeni.

Neno la pili, manukato, ni la Kibantu, na lina somo kubwa zaidi. Kitenzi kunuka, kisipoongezewa kitu, humaanisha kutoa harufu mbaya. Kikitiwa katika kauli ya kutendea kinakuwa kunukia, nacho humaanisha kutoa harufu nzuri. Kiambishi hiki ndicho kile kile tunachokiona katika pika na pikia, leta na letea, na kazi yake ya kawaida ni kumwingiza mtu mwingine katika tendo. Mwanaisimu ataonya, na kwa haki, kwamba kunukia kumekwisha kuwa neno linalojitegemea na kwamba msemaji wa leo hafikirii kauli ya kutendea anapolitamka. Tunakubali. Lakini umbo la neno ni kumbukumbu ya fikra zilizoliunda, na hapa kumbukumbu yenyewe iko wazi: mtu hunuka kwa nafsi yake, bali hunukia kwa ajili ya wengine.

3. Mwanamume wa pwani na udi

Biashara ya vitu vya kunukia ni ya kale sana katika Bahari ya Hindi, na pwani yetu haikuwa mnunuzi tu. Al-Masudi, aliyeizuru nchi ya Zanj mwaka 916, aliihesabu ambari ya pwani hii kuwa miongoni mwa zilizo bora. Zaidi ya karne nne baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta aliteremka Mogadishu. Anasimulia kwamba kabla ya kuonana na mtawala aliletewa tambuu na popoo, kisha yeye na kadhi wakamiminiwa maji ya mawaridi ya Dameski. Tuzingatie mpangilio wa tendo hilo. Mgeni hakuulizwa anapenda harufu gani. Alinukishwa kwanza, na kwa kunukishwa akawa amekaribishwa.

Desturi hiyo iliendelea katika miji ya Waswahili hadi nyakati zetu. Kanzu hufukizwa udi juu ya chetezo kabla ya kuvaliwa. Mwanamume anayekwenda msikitini siku ya Ijumaa huoga na kujitia mafuta mazuri, kwani hilo ni jambo lililopendekezwa katika dini. Katika maulidi na harusi mrashi hupitishwa safu kwa safu. Wanawake walikuwa na vyao mahususi, kama vile vikuba, liwa na dalia, lakini udi, miski, ambari na maji ya mawaridi vilikuwa pia mali ya wanaume, na hakuna aliyeona kwamba uanaume umepungua kwa hayo. Kilichotenganisha harufu moja na nyingine kilikuwa shughuli: msiba una harufu yake, arusi ina yake, na sala ina yake. Hata msemo wetu wa kufanya jambo kwa udi na uvumba, yaani kwa kila njia, unatukumbusha kwamba mafusho yalihesabiwa kuwa ni bidii kubwa ya mtu mbele ya jambo zito.

4. Neno laingia bara

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ililipeleka neno hili magharibi. Nyangwe na Kasongo, katika bonde la Lualaba, zilikuwa vituo vya wafanyabiashara wa pwani kabla ya ukoloni. Livingstone aliifikia Nyangwe mwaka 1871, na kutoka huko Stanley akaanza safari ya kuteremka mto mwaka 1876, akisindikizwa mwanzoni na Tippu Tip. Kusini zaidi, Msiri, Mnyamwezi aliyejenga dola yake huko Bunkeya, aliuza shaba na pembe kwa misafara ya mashariki na ya magharibi mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Ushahidi kwamba neno liliposafiri lilipata makazi unapatikana katika Kilingala. Katika lugha hiyo manukato huitwa malasi. Kilingala, kwa asili yake, hakina r wala sh, basi r imekuwa l, na sh imekuwa s. Ni utohozi wa kawaida kabisa. Jambo la kuvutia ni njia iliyofuatwa. Dhana iliyo karibu zaidi na akili ni kwamba neno liliufikia mto pamoja na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo, likateremka na maji hadi magharibi, likabadilishwa matamshi, kisha likarudi kusini na mashariki kwa vinywa vya askari na, baadaye, kwa muziki wa Kinshasa. Hivyo mkazi wa Kolwezi hulisikia neno moja kwa sauti mbili, marashi na malasi, na zote mbili zimeanzia katika mrashi wa pwani.

5. Sabuni na cheo katika miji ya kampuni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini iliufikia mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Kiswahili kikawa lugha ya kazi katika migodi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilihimiza mikataba ya miaka mitatu, na wafanyakazi wakae na wake zao katika makazi iliyoyajenga yenyewe. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937. Katika makazi hayo kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, posho, shule na hospitali, na ving'ora vyake viligawa saa za mchana na usiku. Kilichobaki kwa mfanyakazi kukichagua mwenyewe kilikuwa kidogo.

Hapa ndipo harufu ilipopata maana mpya. Elimu ya usafi iliyofundishwa na kampuni na misheni ilikuwa na faida, kwa kuwa ilipunguza maradhi, na si haki kuibeza yote. Lakini iliambatana na dhana kwamba mwili wa Mwafrika ni kitu cha kukaguliwa. Bidhaa iliyoongoza katika elimu hiyo ilikuwa sabuni, nayo ilifungamana na Kongo kwa namna ya pekee. Mwaka 1911 William Lever, mtengenezaji wa sabuni ya Sunlight, alipewa na serikali ya Ubelgiji haki za kuvuna michikichi ya Kongo. Mafuta yakatoka Kongo kwa nguvu za Wakongo, na Wakongo wakafundishwa kwamba usafi umetoka Ulaya.

Kilele cha mtazamo huo kilifikiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaweka utaratibu wa kuwaandikisha wale walioitwa "walioendelea". Mwombaji alihojiwa, na nyumba yake ilitembelewa ili ionekane anavyoishi na anavyokula. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia utaratibu huo, akakubaliwa mwaka 1954. Mtu aliyepitia mlango huo alikuwa katika mtego: asipojipamba, alihesabiwa kuwa bado hajaendelea, akijipamba, walikuwapo waliomcheka kuwa ni mwigaji. Anayemwona mwanamume aliyejitia manukato kuwa anaiga Wazungu amesahau kwamba kadhi wa Mogadishu alikuwa akinukia karne nyingi kabla ya Mbelgiji wa kwanza kuliona bonde la Lualaba.

6. Chupa ya dukani

Sasa tuitazame chupa yenyewe, kwa maana bidhaa ambayo leo huitwa "ya kiume" ina historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Maji ya Cologne, yaliyoanza kuuzwa na Farina katika mji huo mwaka 1709, yalitumiwa na wanaume na wanawake sawasawa. Mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris ilitoa Fougère Royale, iliyotumia kumarini iliyotengenezwa maabara. Kwa njia hiyo ya kikemia gharama zilianza kushuka, na manukato yakaacha kuwa mali ya matajiri peke yao. Manukato ya baada ya kunyoa yalienea katika karne ya 20 kwa hoja ya afya: spiriti iliyomo huua vijidudu katika michubuko ya wembe. Mwanamume aliyeona haya kununua marashi aliweza kununua dawa. Old Spice ya wanaume ilitoka mwaka 1938, Brut mwaka 1964, na Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966.

Ndani ya chupa za namna hii nchi zetu zimo. Karafuu za Unguja na Pemba hutoa mafuta yenye ukali ule unaotambulika katika manukato mengi ya kiume. Langilangi ya Komoro imelisha viwanda vya Ufaransa kwa miongo mingi. Zabadi, inayotoka kwa fungo, ilipelekwa Ulaya kutoka Ethiopia. Tena mafuta ya maua yalizoea kukenekwa katika vyombo vya shaba. Hatusemi kwamba shaba ya Kolwezi ilikuwa katika mtungi fulani wa Ufaransa. Tunasema tu kwamba mchimbaji wa Lualaba anayenunua chupa kutoka ng'ambo hanunui kitu kigeni kabisa.

7. Uhalisi na baada yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alitangaza siasa ya uhalisi. Nchi ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, suti na tai vikaondolewa mahali pake pakaja abakosti, na majina ya Kikristo yakaachwa. Bwawa lililojengwa katika miaka ya 1950 kwenye mto Lualaba, na kupewa jina la Delcommune, mpelelezi Mbelgiji, likarudishiwa jina la mahali pake: Nzilo. Lakini marashi hayakupewa jina jipya. Neno la Kiarabu lililopita kwa Waswahili lilikuwa limekwisha kuwa la wenyeji kiasi kwamba hakuna aliyeliona kuwa geni.

Vijana wa Kinshasa na Brazzaville waliijibu siasa hiyo kwa njia yao. Harakati ya Sape, ambayo Papa Wemba aliieneza kwa umaarufu wake, ilifanya mavazi ya Ulaya kuwa hoja ya heshima, na kwa msapeji harufu ni sehemu ya vazi. Tai iliruhusiwa tena mwezi Aprili 1990. Mwezi Septemba mwaka huo huo mgodi wa Kamoto uliporomoka, na uzalishaji wa Gécamines ukaanguka vibaya katika miaka iliyofuata. Kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kampuni iliyokuwa ikitoa posho haikuweza tena kutoa hata mshahara. Katika hali hiyo chupa ya marashi huweza kuonekana upuuzi. Sisi tunaiona kwa jicho jingine: mtu ambaye hana tena kampuni ya kumpa cheo bado anatoka nyumbani Jumapili akiwa ananukia, na kwa kufanya hivyo anadai heshima ambayo haikutoka kwa kampuni.

8. Hitimisho

Basi mwanamume achague vipi? Kwa upande wa ufundi jawabu ni fupi. Asihukumu kwa kunusa kizibo dukani, kwa sababu harufu ya ndimu na machungwa inayotangulia hupotea upesi pamoja na spiriti. Apake kidogo kwenye ngozi yake, angoje saa moja au zaidi, na akumbuke kwamba joto huzidisha kila harufu. Anayeepuka spiriti kwa sababu za dini ana mafuta ya udi na miski, ambayo hukaa zaidi.

Kwa upande wa maana, jawabu tumelikuta katika mrashi na katika kauli ya kutendea. Kampuni iliuliza nani anastahili, na soko linauliza chapa gani, lakini maswali hayo yote mawili humtazama mtu akiwa peke yake. Kiswahili kinamtazama akiwa mbele ya wengine. Marashi yanayomfaa mwanamume wa Kolwezi, kama yalivyomfaa yule wa Mogadishu, ni yale ambayo jirani yake katika basi, mwenzake darasani au mgeni wake mlangoni atayapokea kama salamu. Yakimtangulia kwa hatua kumi na kuwafunga watu pumzi, hata kama chupa ilinunuliwa kwa mshahara wa mwezi, sarufi imekwisha kutoa hukumu yake: huyo hanukii, ananuka.