Altrasaundi na sumu ya visimani

Altrasaundi wengi wetu tunaijua kwa picha za watoto walio tumboni. Siku hizi nimekuwa nikisoma historia ya kazi yake nyingine: kuvunjavunja sumu zenye klorini ndani ya maji. Tusichanganye mambo, sizungumzii klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba ili kuua vijidudu. Nazungumzia kemikali za viwandani kama trikloroethilini, iliyotumika miaka mingi kuondoa grisi kwenye vyuma.

Ubaya wake waulize watu wa Woburn, mji mdogo wa Massachusetts, Marekani. Mwaka 1979 visima viwili vya mji huo, G na H, vilifungwa baada ya trikloroethilini kukutwa humo. Tayari watoto kadhaa wa mji huo walikuwa wameugua saratani ya damu, na mwaka 1982 familia zikaenda mahakamani. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kemikali hiyo kwenye kundi la zile zinazosababisha saratani kwa binadamu.

Sasa unaitoaje? Njia iliyozoeleka ni kupuliza hewa ndani ya maji, au kuyapitisha kwenye mkaa maalumu. Maji yanasafika kweli, ila sumu haijafa. Imehama tu, imekwenda hewani au imenasa kwenye mkaa.

Altrasaundi inaiua palepale, na hapa ndipo historia inaponoga. Chanzo chake ni meli. Rafadha zilikuwa zikiliwa na viputo vidogo vinavyozaliwa majini na kupasuka kwa kishindo. Mwaka 1917 Mwingereza Lord Rayleigh alipiga hesabu ya mgandamizo wa kiputo kinapojifunga ghafla, akapata nguvu ya kutisha. Wakati huohuo Mfaransa Paul Langevin alikuwa Toulon akitafuta nyambizi za Wajerumani kwa mawimbi ya sauti isiyosikika. Samaki waliopita mbele ya mtambo wake wakafa.

Mmarekani Robert Wood aliyaona hayo, akamsimulia Alfred Loomis. Huyu Loomis alikuwa tajiri wa Wall Street mwenye maabara yake binafsi huko Tuxedo Park (matajiri wengine hununua farasi!). Mwaka 1927 yeye na mkemia William Richards wakachapisha kwamba sauti inaweza kuendesha mabadiliko ya kikemia.

Mwaka 1950 Alfred Weissler na wenzake walipitisha altrasaundi kwenye maji yenye kaboni tetrakloridi na iodidi ya potasiamu. Sumu ikapasuka, klorini ikatoka, iodini ikajitokeza. Dawa ya visima ilikuwa mezani miaka 29 kabla ya Woburn! Lakini nani alikuwa akiwaza visima? Wakemia walilitumia jaribio hilo kupimia nguvu ya sauti.

Mwaka 1986 Kenneth Suslick wa Illinois alipima joto la ndani ya kiputo kinachojifunga: takribani nyuzi 5,000, karibu sawa na uso wa jua, huku maji yanayokizunguka yakibaki ya kawaida. Kemikali kama trikloroethilini hugeuka mvuke kwa urahisi, hivyo huingia zenyewe ndani ya kiputo na kuungua humo. Klorini hubaki majini kama kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Mwaka 1991 Cheung na wenzake walionyesha hivyo kwa kemikali kadhaa za aina hiyo, na kundi la Michael Hoffmann huko Caltech likaeleza hatua kwa hatua jinsi kaboni tetrakloridi inavyokufa.

Kwa nini basi hatuna mitambo hiyo kila mahali? Umeme. Sehemu kubwa ya nishati inayotumika huishia kupasha maji joto tu, na lita chache za maabara si kisima cha mji. Mkaa ni rahisi zaidi, na mhasibu hajali sumu imehamia wapi. Watafiti hawajakata tamaa, ila wengi wamehamia kwa adui mpya, PFAS, kemikali zenye florini ambazo karibu hakuna kinachozivunja. Kwenye viputo, zinavunjika.