Picha ya ndugu yako ni amana: jinsi ya kulinda picha tunazotuma katika WhatsApp na Facebook

Siku ya ubatizo, mtu mmoja anapiga picha watu wakitoka mtoni. Kabla ibada haijaisha, picha imekwisha kufika katika kundi la parokia, kutoka hapo katika kundi la kwaya, kisha kwa jamaa walio Goma, Kampala na Ulaya. Wote wanafurahi, na kweli ni jambo la kufurahia. Lakini picha hiyo inasema pia ni nani aliyekuwa kijiji gani, siku gani, akiwa pamoja na nani.

Kwetu Masisi na Walikale hilo si jambo dogo. Masisi-centre ilibadilisha mikono Januari 2025. Walikale-centre ilichukuliwa Machi mwaka huo huo, ikaachwa tena baada ya majuma machache. Picha iliyopigwa bila hofu chini ya mamlaka moja inaweza kutazamwa kwa jicho lingine chini ya mamlaka nyingine. Aliyepigwa picha hakujua hilo, na aliyeituma hakukusudia mabaya.

Makala hii ni ya wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama, vijana na kila mtu anayebeba simu yenye kamera. Tunataka kusema jambo moja: picha ya mtu ni mali yake aliyokuwekea wewe amana, na wakati wa kuilinda ni kabla ya kuituma, kwa sababu baada ya hapo nguvu yako juu yake inabaki ndogo sana.

Picha inakwenda wapi?

Watu wa teknolojia husema picha "iko katika wingu". Hilo si wingu la mvua kama lile linalofunika milima ya Mushaki. Ni kompyuta kubwa za makampuni, zilizo katika nchi za mbali, zinazotunza nakala ya picha zetu. Ukiweka picha Facebook, nakala iko huko hata kama simu yako imeibiwa au imeanguka majini.

WhatsApp ni tofauti kidogo. Ujumbe na picha zinafungwa kwa siri tangu simu yako hadi simu ya anayepokea, na kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma njiani. Lakini zikifika, zinafunguliwa, na hapo ziko mikononi mwa kila mwanakundi. Kundi la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1024. Je, unawajua wote? Unajua simu ya kila mmoja inashikwa na nani jioni?

Kuna pia mlango wa nyuma ambao wengi hawaujui. Simu nyingi za Android zinatuma picha zote kwenye akaunti ya Google bila kumwuliza mwenyewe kila mara. Kwetu watu wengi hununua simu, na muuzaji ndiye anayefungua akaunti hiyo na kuchagua neno la siri. Ikiwa hukulibadilisha, mtu huyo anaweza kufungua akaunti yako akiwa dukani kwake na kuona picha za watoto wako. Mwombe kijana unayemwamini akusaidie kubadilisha neno la siri, au kufungua akaunti mpya iliyo yako peke yako.

Picha inasema zaidi ya uso

Wengi hufikiri kwamba wakificha uso wamemaliza. Tazama tena picha yenyewe. Nyuma kuna jengo la kanisa linalojulikana, kilima, bango la shirika, jina la shule kwenye sare ya mtoto. Kitenge cha mama kinatosha kumtambulisha kwa majirani zake. Maneno tunayoandika chini ya picha ndiyo mara nyingi yanayotaja kijiji na siku.

Tena simu inaweza kuandika ndani ya picha yenyewe saa na mahali ilipopigwa, kwa kipimo kinachoweza kumfikisha mtu karibu na mlango wa nyumba. Ukituma picha katika WhatsApp kwa njia ya kawaida, habari hizo huondolewa. Lakini ukiituma kama «Document» ili ibaki safi, habari hizo zinakwenda pamoja nayo. Njia rahisi ni kufungua kamera, kuingia katika mipangilio yake na kuzima «Localisation».

Ndiyo ya mwenye njaa

Hapa tunapenda kukaa kidogo, maana ndipo makanisa yetu yanapokosea zaidi, na sisi wenyewe tumekosea.

Msaada unapofika kwa wakimbizi wa ndani, iwe unga, sabuni au maturubai, wafadhili huomba ushahidi. Nasi tuliwahi kuwaomba ndugu wa parokia watutumie picha za watu wakipokea. Mama amesimama kwenye mstari tangu asubuhi, mtoto mgongoni. Anaulizwa: "Mama, tunaweza kukupiga picha?" Anajibu ndiyo. Angejibu nini? Gunia liko mikononi mwa yule anayeuliza. Ndiyo ya namna hiyo haitoshi.

Kuna njia nyingine za kuonyesha kwamba msaada umefika: magunia yaliyopangwa kabla ya kugawa, mikono inayopokea, watu wakionekana kwa mgongo, orodha yenye sahihi inayotunzwa ofisini. Ikiwa ni lazima kuonyesha uso, muulize mtu baada ya kupokea, si kabla. Mweleze kwa lugha yake picha itakwenda wapi na nani ataiona, na umwambie wazi kwamba akikataa hatapoteza kitu. Halafu mwonyeshe picha. Watu wengi hubadili mawazo wakijiona.

Watatu tusiowapiga picha za kutuma

Wa kwanza ni aliyetendewa jeuri ya ngono. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika Luvungi na vijiji vingine vya barabara ya Kibua-Mpofi, Walikale, watu zaidi ya 300 walibakwa: wanawake, wanaume na watoto. Leo simu zimejaa katika barabara zetu, na jambo kama hilo likitokea, picha za walioumizwa zinaweza kutangulia kabla ya muuguzi kufika. Sheria ya nchi yetu namba 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 inamwamuru hakimu alinde heshima na siri ya mtu huyo, na akiomba, kesi isikilizwe milango ikiwa imefungwa. Ikiwa mahakama inafunga milango, kanisa lisiifungue kwa simu. Usitume uso wake, sauti yake, nyumba yake wala jina la mume wake, hata kwa nia ya kuomba maombi. Waombaji wanaweza kuomba bila kumwona. Mungu anamjua.

Wa pili ni mtoto aliyetoka katika kikundi chenye silaha. Tunashangilia akirudi nyumbani, na tunapenda kumwonyesha akiimba kanisani. Picha hiyo inaweza kuwaonyesha waliokuwa wakubwa wake mahali alipo. Inaweza pia kumfuata hadi shuleni na hadi siku ya ndoa. Kwa mtoto yeyote, hata yule asiye na historia hiyo, uliza mzazi au mlezi, kisha uliza mtoto mwenyewe.

Wa tatu ni mgonjwa na maiti. Baada ya mapigano au ajali barabarani, picha za miili huzunguka kwa saa chache. Kuna familia zilizopata habari ya kifo cha mtoto wao ndani ya kundi la WhatsApp, kabla mchungaji hajabisha mlangoni. Tusiwe sisi wa kwanza kutuma, wala wa pili.

Mambo ya kufanya katika simu yako

Kwa kuwa simu nyingi kwetu husema Kifaransa, tunaandika majina kama yanavyoonekana kwenye kioo.

1. Fungua WhatsApp, ingia «Paramètres», kisha «Confidentialité». Chagua «Mes contacts» kwa picha yako ya utambulisho na kwa «Statut» zako. Hapo hapo unaweza kuzuia watu usiowajua wasikuingize katika makundi.

2. Washa «Vérification en deux étapes». Ni namba sita za siri unazochagua mwenyewe. Mtu akikudanganya umpe namba inayokuja kwa ujumbe mfupi ili achukue akaunti yako, bado atakosa hizi. Usimpe mtu yeyote namba hizo, hata akisema yeye ni mchungaji wako.

3. Zima «Visibilité des médias». Bila hivyo, kila picha inayotumwa katika kundi inajiweka katika simu yako pamoja na picha zako. Mtu akikagua simu yako, utaulizwa juu ya picha ambayo hukupiga na labda hukuiona. Barabarani, penye barieri, wako waliopata mashaka kwa picha kama hizo.

4. Angalia «Sauvegarde des discussions». Nakala ya mazungumzo inayowekwa Google au kwa Apple haifungwi kwa siri kama ujumbe wenyewe, isipokuwa uwashe ufungaji huo mwenyewe. Ukiuwasha, andika neno la siri mahali salama, maana likipotea nakala haifunguki tena.

5. Picha nyeti, kama barua ya daktari, itume kwa «Vue unique». Inafunguliwa mara moja tu. Lakini kumbuka, anayepokea anaweza kuipiga picha kwa simu nyingine.

6. Katika Facebook, kabla ya kubonyeza, tazama chini ya jina lako: «Public» maana yake ni dunia nzima. Chagua «Amis».

7. Ukitaka kuficha uso, ufunike kabisa kwa rangi nzito au kata picha. Rangi nyembamba inayopitisha mwanga haitoshi. Na ile ya kwanza isiyofunikwa bado iko katika simu yako. Ifute pia.

8. Funga simu kwa namba ya siri, hasa unapoiacha kwa mwenye kuchajisha. Wengi huiacha wazi wakidhani haitaweza kuita. Simu iliyofungwa huita kama kawaida.

Picha ikiwa imekwisha kutumwa

Usikate tamaa na usikae kimya. Katika WhatsApp unaweza kufuta ujumbe kwa wote ndani ya muda wa siku mbili na nusu hivi. Unaweza pia kumwomba kiongozi wa kundi, maana naye ana uwezo wa kuondoa ujumbe wa mwanakundi. Katika Facebook, ondoa picha, na kama iko kwa mtu mwingine, mwandikie kwanza kwa upole. Akikataa, ishitaki picha hiyo kwa kampuni kupitia alama ya nukta tatu iliyo juu yake. Picha uliyofuta katika hifadhi ya Google inaweza kubaki katika «Corbeille» hadi siku 60, basi ingia humo uifute mara ya pili.

Halafu nenda kwa mwenye picha, umwambie. Hii ndiyo sehemu ngumu, lakini anayo haki ya kujua ili ajilinde.

Sheria pia inasimama upande wake. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri na mawasiliano yake. Kanuni ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya habari za mtu binafsi. Ni kweli kwamba kufika mahakamani si rahisi kwetu leo. Kwa hiyo kanuni ya parokia ina kazi kubwa zaidi.

Kanuni fupi kwa kila parokia

Tunapendekeza baraza la wazee likae na kuamua mambo manne, kisha yasomwe mbele ya kanisa. Mtu mmoja au wawili ndio wapiga picha katika ibada na ugawaji wa misaada. Kundi la parokia lina viongozi wawili, na kila miezi mitatu wanaangalia orodha na kuondoa namba wasizozijua, pamoja na za wale waliopoteza simu. Picha za safari, mikutano na kambi zinatumwa baada ya watu kuondoka mahali hapo. Na yeyote akiomba picha yake iondolewe, inaondolewa siku hiyo bila kuulizwa sababu.

Katika Mwanzo sura ya 9 tunasoma kwamba Nuhu alilala uchi hemani mwake. Hamu aliona, akatoka nje akawaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Hamu hakusema uongo. Alichosema kilikuwa kweli, kama picha nyingi tunazotuma zilivyo kweli. Lakini waliobarikiwa ni wale waliofunika.

Tena katika Marko sura ya 5, Bwana Yesu alipofika nyumbani kwa Yairo aliwatoa watu wote nje. Alibaki na wazazi wa msichana na wanafunzi watatu tu, na baada ya muujiza akaagiza mtu yeyote asijulishwe. Ulikuwa ushuhuda mkubwa kuliko yote tunayoweka katika «Statut», naye alimlinda mtoto kwanza.

Jumapili ijayo, kabla ya kutoa simu mfukoni, mgeukie aliye karibu nawe umwulize: "Dada, naweza?" Akisema hapana, rudisha simu mfukoni, muendelee kuimba pamoja.