Uzoefu wa kazi kwa mwanafunzi wa usanifu wa michoro Likoni

MWANAFUNZI wa usanifu wa michoro anayeishi Shika Adabu, wadi iliyo katika eneobunge la Likoni, Kaunti ya Mombasa, hukabiliwa na kitendawili kigumu. Waajiri humtaka mtu aliyekwisha kufanya kazi, ilhali kazi haipatikani kwa asiyewahi kuifanya. Kwa sababu hiyo, wako vijana wanaokubali kuchora nembo, kadi na mabango bila malipo wala maandishi, wakiamini kuwa hapo ndipo uzoefu huanzia.

Hata hivyo, uzoefu wa kitaaluma si wingi wa michoro. Ni kujua kufanya kazi kwa makubaliano, kuikamilisha kwa wakati na kuubeba wajibu wake inapofika kwa mchapishaji. Hayo yote mwanafunzi anaweza kujifunza kabla ya kuhitimu.

Mafunzo ya kazini

Njia inayotambuliwa rasmi ni mafunzo ya kazini, ambayo wengi huyaita atachimenti. Nchini Kenya, vyuo hushirikiana katika jambo hili na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), ambayo hazina yake huchangiwa na waajiri kwa ushuru wa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi.

Mwanafunzi hupewa daftari la kuandikia kazi za kila siku, nalo hutiwa saini na msimamizi wake. Katika mafunzo ya umilisi yanayotolewa na vyuo vya kiufundi, ushahidi wa kazi alizofanya huwa sehemu ya tathmini. Anayelijaza daftari hilo kwa pupa siku ya mwisho hujinyima ushahidi anaouhitaji.

Nafasi nyingi za mafunzo haya hazina malipo. Mkazi wa Likoni huvuka kwenda kisiwani kwa feri bila kutozwa nauli akiwa anatembea kwa miguu, lakini gharama za matatu na chakula hubaki juu yake. Ni vyema basi kuuliza mapema iwapo kuna posho na, zaidi ya yote, iwapo atakabidhiwa kazi za usanifu au atakuwa mtu wa kutumwa tu.

Somo la mtambo

Duka dogo la uchapishaji laweza kumfunza mwanafunzi mambo ambayo kompyuta haionyeshi. Kioo cha kompyuta huunda rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo wa uchapishaji hutumia wino wa rangi nne: samawati, zambarau nyekundu, manjano na nyeusi. Ndiyo maana rangi inayong'aa kwenye kioo huweza kufifia kwenye karatasi.

Aidha, mchoro wenye rangi hadi ukingoni huhitaji kuzidishwa kwa takriban milimita 3 kila upande, ili karatasi inapokatwa usibaki mstari mweupe. Picha za kuchapishwa kwenye kadi au kijitabu kwa kawaida huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, na picha iliyonakiliwa kwenye intaneti mara nyingi haifikii kiwango hicho.

Asiyemudu leseni za programu za kulipia, kama zile za Adobe, anaweza kuanza na Inkscape na GIMP, ambazo hupatikana bila malipo.

Wateja wa mtaani

Saluni, mikahawa, madrasa, makanisa, timu za kandanda na vikundi vya akina mama ni wateja walio karibu. Msimu wa uchaguzi nao huleta maombi ya mabango na fulana. Kazi hizi, zijapokuwa ndogo, zahitaji kanuni zilezile za kazi kubwa.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: vipimo, bei, siku ya kukabidhi na idadi ya marekebisho yaliyojumuishwa katika bei hiyo. Msanifu aombe malipo ya awali kabla ya kuanza. Tahadhari hii inafaa zaidi kwa wagombea, kwani deni la aliyeshindwa halilipiki kwa urahisi.

Kabla ya kuchapisha, mteja asome nakala ya majaribio na kuiidhinisha kwa maandishi. Tarehe moja iliyokosewa kwenye kadi 500 za harusi huziharibu zote, na pasipo idhini hiyo hasara huweza kumwangukia msanifu. Mzozo wa malipo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Ujumbe uliohifadhiwa huwa ushahidi.

Nani mwenye mchoro?

Suala linalosahaulika sana ni umiliki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa na mteja, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, huhesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeiagiza au kwa mwajiri, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine.

Desturi ya jina la mwenye mali kutangulia la mchoraji si ngeni Pwani. Kwenye kanga zinazouzwa Mtaa wa Biashara, Mombasa, pamoja na pindo, mji na ujumbe, mnunuzi huweza kusoma chapa mashuhuri ya "Mali ya Abdulla". Jina hilo ni la mfanyabiashara. Aliyebuni ua hatajwi.

Kwa hivyo, mwanafunzi aombe mapema, na kwa maandishi, ruhusa ya kuionyesha kazi yake anapotafuta ajira. Asipofanya hivyo, anaweza kumaliza mafunzo bila kitu anachoruhusiwa kumwonyesha mwajiri.

Mkusanyo wa kazi

Kazi chache zilizoelezwa vizuri zinatosha: mteja alitaka nini, msanifu alifanya nini, na kilichochapishwa kilikuwaje. Zoezi la darasani litajwe kuwa ni zoezi, na kazi ya pamoja itaje sehemu aliyoifanya. Mwajiri akiuliza maswali mawili matatu kuhusu kazi hizo, aliyezifanya kweli hatakosa la kujibu.