Basoko, Walikotwanga Muhogo kwa Pembe za Ndovu

Boti za mbao zinazoshuka kutoka Kisangani hupita Yangambi, kisha Isangi kwenye mdomo wa mto Lomami, na baada ya yapata kilomita 200 hufika Basoko, mahali mto Aruwimi unapomwaga maji yake katika mto Kongo. Anayeijua historia ya mji huu hawezi kuupita hivi hivi. Vioja kama vilivyoonekana hapa ni vichache mno duniani.

Tarehe 1 Februari 1877, mpelelezi Henry Morton Stanley alifika kwenye makutano hayo akiwa na Wangwana wake kutoka Zanzibar. Mitumbwi 54 ikatoka Aruwimi kumkabili. Mkubwa kuliko yote ulikuwa na wapiga makasia arobaini kila upande, wamesimama wima. Mbele walijipanga vijana kumi wa vita wenye manyoya ya kasuku kichwani, mekundu na ya kijivu. Nyuma, wanaume wanane waliuongoza kwa makasia marefu yenye vifundo vya pembe za ndovu. Bunduki zilishinda, na Wangwana wakawafuata wenyeji hadi nchi kavu.

Huko kijijini walikuta paa la duara lililoegemea pembe 33 za ndovu, na chini yake sanamu yenye urefu wa futi nne, imepakwa rangi nyekundu, macho na ndevu zikiwa nyeusi. Majumbani pembe zilikuwa vyombo vya kila siku: kabari za kupasulia magogo, michi ya kutwangia muhogo na mboga za majani, nyundo za kupondea magome ya mti ili yawe nguo. Kitu ambacho Zanzibar kilipimwa kwa uangalifu na kusafirishwa hadi Ulaya, hapa mama alikishika kila jioni akitayarisha chakula. Stanley aliwaruhusu watu wake wajichukulie, nao wakachukua. Nguzo zile zilipotea siku ileile, na inauma kwamba habari zake tunazipata kwa kalamu ya yule aliyezipora.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Baruti. Alizaliwa Basoko, akatekwa utotoni na wavamizi waliokuwa wakitafuta watumwa na pembe, akapita mikono mingi hadi akafikishwa Uingereza. Mwaka 1887 Stanley alipopita tena akielekea kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ikweta, Baruti alikuwemo melini. Aliwaita watu wa mitumbwi kwa lugha yao na kumuulizia kaka yake. Kaka akaja, lakini hakuamini, alitaka dalili. Baruti akamkumbusha kovu la mamba mkononi mwake. Hapo yule mtu akapiga ukelele wa furaha.

Siku chache baadaye, usiku, Baruti alichukua bunduki ya Stanley, bastola zake na saa yake ya fedha, akaingia mtumbwini na kurudi kwao. Stanley aliihesabu hasara hiyo kitu kimoja kimoja. Kwangu mimi, kijana aliyeibwa alijirudisha mwenyewe, na vitu vile ni malipo madogo.

Muda si mrefu Dola Huru ya Kongo, ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ikajenga kambi ya kijeshi Basoko ili kuwazuia watu wa Tippu Tip, mfanyabiashara Mswahili wa pembe na watumwa, waliotamba kutoka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1893 afisa Mbelgiji Louis-Napoléon Chaltin aliondoka hapo na askari wake, akapigana Lomami kisha akaingia Stanley Falls. Utawala wa Waswahili mtoni ukavunjika. Kiswahili kilibaki, na hadi leo sokoni Kisangani utakisikia kikichanganyika na Lingala.

George Grenfell, mmisionari Mbaptisti aliyeuchora mto huu kwenye ramani akiwa na meli yake Peace, alifia Basoko tarehe 1 Julai 1906. Vitabu vya safari huwataja yeye na Stanley. Msafiri akiniuliza habari za Basoko, nitaanza na Baruti.